Esperansia Hakuitikia

Pris, pokea simu!

Unamkumbuka Niyonkuru? Yule mwimbaji wa kambi ya wakimbizi ya Benako? Tulikuwa tunajifanya tunapeleka ndizi kuuza, kumbe tunamfuata yeye na dada yake Esperansia? Nimemwona leo! Hapa kituo cha wakimbizi, tukigawa uji. Wamekimbia Burundi tena, Pris. Amezeeka, lakini lile pengo lake ni lilelile.

Nikasahau kila kitu. Nikatua ndoo, nikaanza wimbo wao, ile sehemu yake ya kuita, kwa sauti, na makofi juu. Watu wananitazama tu. Pembeni yake kuna mtu kalala, kafunikwa kitenge gubigubi. Nikajua tu ni dada yake. Nikacheka, nikamwambia, "Esperansia, amka uitikie!"

Amka uitikie!! Nimesema hivyo, Pris, kwa mdomo wangu huu.

Niyonkuru akanijibu polepole, "Hawezi, mama. Amefia njiani asubuhi."

Na uji nilikuwa nimeshamwekea! Kikombe kiko pale karibu na kichwa chake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikapiga magoti kuomba radhi. Wala hakukasirika. Akaniuliza kama huku kwetu bado kuna mtu anayejua kuitikia ule wimbo, maana hataki kumzika dada yake kimya.

Tukicheza utotoni kule kijijini Murukulazo, mimi nilikuwa Niyonkuru. Esperansia ulikuwa wewe siku zote, hukukubali kumwachia mtu.

Maziko ni saa kumi. Njoo.