Tortilla ya Evaristo Ilipofura

Azcapotzalco, Jiji la Mexico
Ijumaa asubuhi

Amparo mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye yuko hapa jikoni na ameniamuru nikuulize kwanza goti lako, halafu joto la Mérida, halafu mumeo, kwa mpangilio huohuo. Sisi tu wazima. Mama amepata miwani mipya, na sasa anaona hata makosa yaliyokuwa yameshapumzika. Sauti yangu imerudi. Ilinikauka wiki ile nilipobishana redioni na bwana mmoja aliyedai kwamba unga wa pakiti ni sawa na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa na kupelekwa kinuni. Sauti ilikwenda, hoja ilibaki.

Sasa habari yenyewe. Jumapili nilimleta Evaristo nyumbani. Nilikueleza habari zake kwenye simu: yule mhariri mrefu kutoka Chihuahua, mjane, anayesoma makala zangu na kuziondolea matusi. Nyumba yetu unaijua. Hapa mwanamume hakubaliwi kwa cheo wala kwa barua ya padri. Anakubaliwa kwenye meza ya Mama au hakubaliwi kabisa. Fidel wako alikula pilipili mpaka machozi yakamtoka, ndipo akapewa kiti chenye mgongo. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nimegombana na magavana, lakini njiani kutoka kituoni nilijikuta nikirekebisha nywele kila hatua kama msichana. Nilitaka Mama aseme ndiyo. Bila ndiyo yake, furaha yangu ingekuwa chakula kisichotiwa chumvi.

Evaristo alianza kwa kukosea. Alikuja na jibini la kwao, duara zima, amelikumbatia kama mtoto wa kubatizwa. Unawajua watu wa kaskazini: kwao quesadilla ni chapati ya tortilla iliyokunjwa na jibini ndani, basi, wakati sisi hapa jijini twaikunja na chochote, hata bila jibini. Mama alikuwa ameamka alfajiri kwenda kinuni kuchukua unga ungali na joto, na sokoni kuchagua maua ya maboga yaliyofumba. Alilipokea lile duara, akalinusa, akashukuru, kisha akamuuliza mgeni kama huko Chihuahua wamesikia kwamba jiji lina njaa.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Evaristo aliyatazama mabakuli mezani, lile la maua, lile la kuvu nyeusi ya mahindi, lile la viazi na soseji, akauliza kwa adabu zote jibini litatiwa saa ngapi.

Nami, bila kuombwa na mtu, nikaingia vitani. Nikamwambia kwamba watu waliokula mahindi kabla ng'ombe wa kwanza hajashushwa melini hawahitaji ruhusa ya ng'ombe kukunja tortilla. Akanijibu kwamba anayeuza quesadilla isiyo na jibini angestahili kufungwa, na kwamba jiji hili limezoea kuwauzia wenzake ahadi tupu. Tukatoka kwenye jibini tukaingia kwenye kodi, tukatoka kwenye kodi tukaingia kwenye mapinduzi, mpaka Mama akagonga kikaango cha udongo kwa mwiko.

"Nyie wawili," alisema, "mnagombana kama watu waliooana zamani."

Nikajitia kuchambua maua papo hapo. Utaona kwa nini.

Mama akatoa hukumu: anayetaka jibini na alitie, ila aikande na kuifinyanga tortilla yake mwenyewe. Evaristo akavua koti, akakunja mikono ya shati, akanawa, akatumbukiza vidole kwenye unga. Kile chuma cha kukandamizia Mama hakitaki kukiona siku ya Jumapili, hivyo alimfundisha kwa viganja: donge saizi ya ndimu, pigapiga, zungusha, pigapiga. La kwanza lilichanika. La pili lilitoka na pembe, na Evaristo akajitetea kwamba ni ramani ya Chihuahua. Mama akamjibu kwamba jimbo lile lina mipaka iliyonyooka, ramani hii haina hata mmoja.

La tatu lilitua vizuri kwenye kikaango. Akaligeuza, akaligeuza tena, likafura lote kama shavu la mpiga tarumbeta.

Unakumbuka mashangazi walivyokuwa wakisema: msichana ambaye tortilla yake imefura, sasa anaweza kuolewa. Yangu haijawahi. Shangazi Chole alikufa akiwa bado anaisubiri. Mama akaitazama ile ya Evaristo, akamtazama Evaristo mwenyewe.

"Haya, kijana. Sasa unaweza kuoa."

Tukacheka wote, mimi kwa sauti kubwa kupita kiasi. Evaristo akaanza lake la nne, akalikunja likiwa bichi, ndani ua la boga, jani la kunukia la epazote na kipande cha jibini lake, akaliivisha pande zote mbili. Mama alitafuna kwa muda mrefu. Mwisho akasema kwamba jibini halikuhitajika, ila pia halikumzibia mtu njia. Kisha akala nyingine.

Sasa, Amparo, kama umesimama, kaa. Ijumaa iliyotangulia Jumapili hiyo, mimi na Evaristo tulifunga ndoa ya serikali. Mashahidi walikuwa wasahihishaji wa gazetini. Mimi ninayeandika kila wiki kwamba mwanamke mzima haombi ruhusa ya mtu, niliogopa Mama atakataa, nikataka akikataa awe amechelewa. Hiyo ndiyo sababu, na haipendezi hata nikiiandika mwenyewe. Tulikubaliana pete zisionekane humu ndani. Yangu niliificha kwenye mkoba. Evaristo aliisahau kidoleni, akaikumbuka unga ulipoanza kuigandamia, akaivua kimyakimya na kuiweka nyuma ya bakuli la chumvi.

Nilikwambia Mama ana miwani mipya.

Alingoja mpaka vyombo vimeoshwa. Akaiweka pete kwenye kiganja cha Evaristo, akasema, "Vaa, mwanangu. Dhahabu haiivi." Kisha akanigeukia. "Na yako iko wapi?"

Niliitoa. Hakufoka. Alisema serikali inaweza kumwozesha inayemtaka, lakini yeye tortilla yangu hajaiona ikifura. Mpaka aione, humu ndani Evaristo ameoa na mimi sijaolewa. Yeye analala chumba cha wageni kama mkwe, mimi kwenye kitanda changu cha utoto. Siku itakapofura ndiyo siku ya karamu, nawe utaitwa.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya makala, niko mbele ya kikaango, na mume wangu nyuma yangu ananielekeza, mtu aliyelelewa kwa tortilla za ngano. Leo ilifura upande mmoja. Mama akaiinamia, akarekebisha miwani, akasema upande mmoja ni uchumba.

Msalimie Fidel, mwambie amepata mwenzake wa kulia naye mezani. Goti lako lipake mafuta, na begi lako liweke karibu na mlango. Mama anakubusu. Evaristo naye anakusalimu, na anauliza kama Mérida wanatia jibini; usimjibu.

Dada yako, mchumba,
Hortensia