Futari ya Saa Nne Asubuhi

Jumatano. Joto la kuchemsha akili, na upepo unaoleta vumbi la shamba la mkonge mpaka ndani ya kikombe cha chai. Mimi mtoto wa Chome, kule juu milimani Upare, niliyezoea ukungu na sweta, sijui nilimkosea nani hata nikapangiwa kufundisha huku bondeni. Lakini leo silalamikii joto. Leo nina mtu wa kumlalamikia.

Ninamdharau Mwalimu Mkuu. Nimetafuta neno lenye adabu zaidi, sijalipata.

Tangu wiki iliyopita darasa langu la kwanza linajifunza habari za Ramadhani. Wazo lilikuwa langu. Watoto wengine ni wa kambi ya mkonge, baba zao wametoka Kigoma, Tanga na kwingineko, na nyumbani kwao watu wanafunga. Wengine ni Wapare walioshuka na wazazi wao kutoka milimani kuja kijiji cha ujamaa, watoto wa kanisani, na walikuwa wakiwacheka wenzao wanaokataa uji wa shule. Nikaona niwafundishe kwa mikono, maana mtoto wa darasa la kwanza ukimhubiria anasinzia. Wakachora mwezi mwandamo ubaoni, kila mmoja wa kwake, mwingine mnene kama boga. Wakafinyanga vikombe na bakuli za futari kwa udongo wa mtoni, tukavianika juani. Eliamini, mtoto wa mzee wa kanisa, akauliza kama mtu akimeza mate mfungo unaharibika. Zuhura akamjibu kuwa mate ni yako mwenyewe. Darasa zima likaridhika, na tangu hapo sikusikia tena mtu akichekwa.

Zuhura ana miaka saba. Amezoea kufunga mpaka adhuhuri tu, kama watoto wa rika lake, kisha anapewa kiporo. Jana aliniambia kuwa leo atafika magharibi, kwa mara ya kwanza. Mama yake alimwahidi tambi za sukari, sahani nzima, bila kugawana na kaka zake. Nikamwambia nitamwombea. Akaniuliza kama sala ya Kilutheri inafika. Nikasema tutajaribu.

Jana hiyohiyo ikaja habari kuwa Ndugu Mbwambo, mgeni kutoka ofisi ya elimu wilayani, atatutembelea asubuhi ya leo. Mwalimu Mkuu akisikia neno mgeni, hata miguu yake hutembea tofauti. Aliingia darasani kwangu, akavitazama vikombe vya udongo, akasema ni kazi nzuri ila haina uhai. Elimu ya kujitegemea ni vitendo, akasema. Mgeni aonyeshwe futari ya kweli, yenye uji wa kweli.

Udongo usiochomwa ukitiwa uji unakuwa tope. Hilo hata Eliamini analijua. Mwalimu Mkuu aliligundua baada ya kulijaribu, shati likachafuka, ndipo akaagiza kikombe cha bati kiletwe kutoka nyumbani kwake.

Leo asubuhi akamchagua Zuhura awe mama wa nyumba atakayefuturu, kwa sababu sare yake ni safi na sauti yake inafika mbali. Nikamwambia mtoto huyu amefunga, na mgeni anakuja saa nne asubuhi. Akanitazama kana kwamba nimeomba uhamisho.

"Mwalimu, wewe ni Mlutheri mwenzangu. Yanakuhusu nini? Atafunga kesho."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Nikasema, "Sawa, Mwalimu Mkuu."

Mgeni akaja, mtu mpole wa makamo, suruali imejaa vumbi la njiani. Mwalimu Mkuu akatoa hotuba. Akasema Ramadhani ni mwezi ambao ndugu zetu Waislamu huonja njaa ili waielewe hali ya mkulima, na kwamba mfungo ni kujitegemea kwa tumbo. Kujitegemea kwa tumbo. Nilitazama chini nisije nikacheka, na mtu ambaye tumbo lake halijawahi kujitegemea hata siku moja akaendelea kuongea.

Kisha wakaigiza. Zuhura akaketi mkekani, Eliamini akiwa baba. Eliamini akatangaza kuwa jua limekuchwa, nalo jua lilikuwa limetusimamia dirishani. Zuhura akakiinua kikombe cha bati. Akasita. Akanitazama mimi, kisha akaitazama fimbo ambayo Mwalimu Mkuu huibana kwapani hata siku ya mgeni.

Akanywa. Akaumaliza uji wote, kama alivyoagizwa.

Watoto wakapiga makofi. Mgeni naye akatabasamu na kupiga makofi, maana alidhani kikombe ni kitupu. Niliona wazi kuwa hakujua. Mimi nilijua, na nilikuwa nimesimama karibu na mkeka kuliko mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo Mungu akaamua kutuchekesha. Mwalimu Mkuu akapunga mkono, na mlangoni ikaingia sinia ya jogoo wa kukaanga, jogoo wa mradi wa shule, yule ambaye watoto wamemlisha tangu kifaranga. Ndugu Mbwambo akaweka mkono kifuani.

"Samahani, Mwalimu. Nimefunga."

Mwalimu Mkuu alikuwa amesikia Mbwambo, jina la ukoo wa Kipare, akamweka mtu kanisani moja kwa moja, kwa kuwa kina Mbwambo anaowajua yeye huko kwao wanaimba kwaya. Mwalimu Mkuu mwenyewe ni Mpare, amezaliwa na kukulia milimani, na hajui kuwa ukoo mmoja una wa msikitini na wa kanisani, na kwenye msiba wanapika chungu kimoja. Wiki nzima shule inafundisha Ramadhani, na yeye hajauliza swali moja.

Mtu mwingine angeomba radhi, akanyamaza. Yeye alisema hata yeye leo amefunga, kwa ajili ya umoja. Alilisema mbele ya watoto waliomwona asubuhi akitafuna muhogo. Sinia ikaondolewa kwa heshima zote, mgeni akashukuriwa kwa msimamo wake, tukaambiwa tuige mfano wa viongozi wa namna hiyo.

Saa tisa nilikwenda stoo kurudisha majembe. Nikamkuta Mwalimu Mkuu nyuma ya magunia ya mahindi, paja la jogoo mkononi, mafuta mpaka kwenye saa. Akasema ana vidonda vya tumbo. Nikamwambia pole.

Haya yote ningeyacheka leo na kesho. Ninachoshindwa kukicheka ni Zuhura. Wenzake walipotoka kwenda nyumbani alibaki akivikusanya vile vikombe vya udongo. Hakuwa akilia. Aliuliza kwa utaratibu, kama anavyouliza mambo yake yote.

"Mwalimu, yule mgeni aliposema hapana hakuchapwa. Kumbe mtu anaweza kukataa?"

Nilimwambia mgeni ni mtu mzima. Jibu la ovyo kuliko yote niliyowahi kumpa mtoto, na wiki nzima nimekuwa nikimcheka mwenzangu kwa majibu ya ovyo. Mimi nami ni mtu mzima.

Nikamsindikiza mpaka kambini nimweleze mama yake. Mama yule hakunigombeza. Alisema mtoto hana kosa, na aliyelazimishwa hana kosa, na tambi zake zipo palepale. Zuhura akasema hazitaki. Mama akambembeleza. Akasema hazitaki, atazila siku atakayozipata kwa haki.

Sasa ni magharibi, adhana inasikika kutoka kambini. Nimekaa mlangoni, chai imepoa, nayo imejaa vumbi.

Kesho kipindi cha kwanza hatutachora mwezi. Nitawasimamisha wote, wa msikitini na wa kanisani, waseme kwa pamoja kama wanavyosema a, e, i, o, u: "Hapana, Mwalimu." Waseme mpaka isikike ofisini. Akija na fimbo yake kuuliza hilo ni somo gani, nitamjibu kwa maneno hayohayo. Kwa hiyo usiku huu nafanya mazoezi, maana Zuhura ameshalijua somo, na mwalimu wake bado.