Usiniweke Chini Bado

Mama yangu,

Ni mi, Ngalula wako. Hapa Kolwezi tuko bazima, lakini nyumba imekuwa kubwa sana tangu ulienda. Nikipika bukari, ugali yetu, mukono yangu ingali inapima na sehemu yako, kisha ninakumbuka. Mume wangu iko njiani na kamioneti, gari ya mizigo ya patron, bosi wake. Mi ninaongea na ukuta.

Mutoto alizaliwa kisha kifo chako. Tulimupa jina yako, Kapinga. Nikiita "Mama Kapinga," ni yeye tu anageuka.

Unakumbuka Upemba? Patron alituma mume wangu apeleke unga na chumvi kwa balinzi wa ile pori kubwa ya nyama wa mwitu. Miguu yako ilikuwa imekufa kitambo, ulikuwa unashinda mu mulango ukiangalia njia. Ulisema: "Mbele nikufe, nione tembo na macho yangu. Nimechoka kuambiwa." Njo mume wangu alifunga kiti yako na kamba kule nyuma ya gari. Alitundika na kitenge kati yenu, maana kwetu batu ya Kasai, mukwe na mama-mukwe habaangaliani.

Mulinzi alitufungulia njia: "Hakuna mutu kushuka!" Uliona punda milia, ukacheka: "Kanzu moja, bote! Fundi gani alibashonea?" Lakini tembo, hapana. Jua ikaanza kuinama, tukarudi. Na uliendelea kuangalia nyuma, Mama. Ile kuangalia yako iliniuma.

Halafu gari ikakwama mu matope. Ilifaa ipunguzwe uzito. Mi na ile mimba, sikuweza kukubeba. Mume wangu alisimama tu, anaangalia udongo, jasho inamutoka. Mukwe amuguse mama wa muke wake? Haya gani hiyo!

Ni wewe ulijifunika kichwa na kitenge. "Mukwe, kuya huku. Leo mi niko muzigo. Muzigo haina bukwe. Lakini usiniangushe, mi si chumvi ya patron!"

Alikubeba, uso pembeni, mpaka kwa udongo mukavu, pale juu ya kilima. Njo ukafunua kitenge kidogo. Tembo mama na mutoto yake, mu majani marefu, pole pole.

"Mukwe, usiniweke chini bado."

Alisimama. Alikushika vile vile, mpaka tembo bakapotea.

Siku ya kukuzika, bakubwa balimukataza kushika sanduku. "Mukwe hagusi!" Akabaambia: "Nilikwisha kumubeba. Na hakuniambia bado nimuweke chini." Bakubwa bakamuachia njia. Alikubeba, Mama.

Kiti yako iko hapa, kamba ingali kwa miguu yake. Sikuifungua. Mvua ikiisha, Kapinga atajua kukaa pekee yake. Nitamukalisha pale, nimupeleke kwa ile kilima. Nitamuambia: hapa njo nyanya yako aliona tembo.

Pumzika, Mama. Sisi hatujakuweka chini.

Mwana yako,
Ngalula