Silasi Wanzagi, Aliyeweka Kompyuta kwa Watu Kama Ng'ombe

Mwaka mmoja umekatika, Silasi, tangu bajaji ile itoke nyumbani Buhare ikikupeleka stendi kupanda gari la Mwanza. Ilikuwa imeshaanza kukata kona wewe ukatoa kichwa nje, uso umevimba kwa ule ugonjwa wa figo, ukampigia kelele Marcelina wa Nyegina aliyekuja kukuaga: "Zile kompyuta nane zilizobaki ni zako! Na usinipigie simu!"

Marcelina akabaki amesimama barabarani analia, akidhani umemkasirikia. Mkeo Bhoke, uliyekaa naye kiti kimoja, akakuuliza, "Baba Gloria, ndo kuaga gani huko?" Ukacheka tu. Hukurudi tena kwa miguu yako.

Wengi walikujua kama fundi kompyuta wa Musoma mjini, mwenye meza moja na bisibisi kwenye kopo la maziwa. Sisi tulikujua kama mtu asiyeamini kitu mpaka akijaribu. Mashine ikichoka, wenzako wakisema "tupa hiyo", wewe uliiwekea, au kama ulivyosema mwenyewe, uliipiga mfumo wa bure wa kuiendesha, hii Linux inayotengenezwa na watu wa dunia nzima. Kila mtu ana ruhusa kuichukua, kuichungulia ndani na kumpa mwenzake. Hapo pa kumpa mwenzake ndipo palipokukamata. Ulikuwa unaniambia mimi kaka yako Nicolaus, "Kaka, nimepewa na watu nisiowajua, hata jina hawakuniuliza."

Nimetembea sana, nimesoma darasa huku na darasa kule, lakini sijaona mtu aliyeonja vitu kwa heshima kama wewe. Linux ina aina nyingi, ukazionja moja moja: Ubuntu wiki mbili. Fedora mwezi mzima. Puppy, ambayo inaenea yote kwenye flashi ndogo, uliitembeza mfukoni kama ugoro. Ikaja Debian, basi ukapenda. Ukaiita mtamba wako, ng'ombe jike anayesubiriwa kuzaa. Bhoke alikuwa anaweka ugali mezani anakuuliza, "Leo unakula na sisi au na huyo?"

Kisha likaja jambo la kituo cha kushonea cha kina mama, Nyegina. Walikuwa na kompyuta kumi na mbili za msaada, zimezeeka, haziwaki vizuri. Kamati ikasema mpaka mwisho wa mwaka zikiwa bado hivyo, zitolewe, chumba kiwekwe mahindi. Ukaomba wakupe muda. Wakati huo daktari alishakwambia habari ya figo, na tuliojua tulikuwa mimi na Bhoke peke yetu. Ulituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Kuzipiga mfumo zote ni kazi ya wiki moja. Lakini nikifa zitakufa na mimi. Natafuta mfumo ambao hautanihitaji."

Mwingine angekaa na kuuliza mtandao. Wewe ulifanya walivyofanya babu zetu. Mtu hakuwa anaweka ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja alimweka kwa rafiki huku, mwingine kule. Rafiki anakamua, ng'ombe anabaki kuwa wako, na baada ya muda unakwenda kuona nani amezaa.

Ukaweka mashine tatu zako mwenyewe, kwa miezi mitatu. Yenye Fedora kwa Keraryo, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi Bunda. Yenye Debian, mtamba wako, kwa mzee Mugeta, karani mstaafu wa Butiama. Yenye Mint, ile nyepesi, kwa Marcelina, mwalimu wa kushona pale kituoni, ambaye kompyuta alikuwa anaijua kwa kuipangusa vumbi.

Keraryo alikuwa anapiga simu kila siku. "Fundi, imeniuliza swali. Niijibu nini?"

"Imeuliza nini?"

"Sijasoma bado. Nimekupigia kwanza."

Kwa mzee Mugeta ulikuta mashine imefunikwa kitenge, safi kuliko ulivyoiacha, lakini masasisho ya miezi mitatu yanasubiri. "Mzee wangu, mbona hapa hujabonyeza hata siku moja?"

"Silasi mwanangu, ng'ombe wa watu hakatwi mkia. Ulivyoniletea ndivyo alivyo."

Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Ila nyumbani ukasema kosa ni lako, umempa mtu ng'ombe bila kumwambia kwamba anakamuliwa.

Marcelina alikuja mwenyewe Buhare, kichwa chini. "Fundi, nisamehe. Ile Mint nimemwekea dada yangu kwenye laptop yake. Na jirani yake tena. Sikukuomba ruhusa."

"Uliwezaje?"

"Si ile flashi uliniachia? Nikabonyeza pale ulipokuwaga unabonyeza. Ikigoma, narudia."

Bhoke ndiye aliyesema, "Baba Gloria, si ndama hao? Tena wawili. Unatafuta nini kingine?"

"Nilitaka azae wangu," ukajibu, kama mtoto. Halafu ukajipiga paja. "Lakini Mint ni mjukuu wa Debian! Ametoka ukoo uleule!" Tukakuacha ujifariji.

Ulichokipenda ukakiweka pembeni, ukachagua kile ambacho wengine wamekiweza. Sisi tunaona hiyo ndiyo kazi kubwa uliyofanya, kuliko mashine zote ulizofufua. Ulikwenda Nyegina, ukapiga Mint kompyuta nne, Marcelina anatazama. Nguvu zikakuishia, zikabaki nane. Ndiyo maana ya kelele zile za kwenye bajaji. Marcelina tulimweleza baadaye.

Ulifariki Mwanza siku ya tisa tangu uondoke. Tulikuzika Butiama. Siku ya kuanua tanga ukoo uliuliza kama kuna mtu mwenye mali ya marehemu. Mzee Mugeta akasimama, kifurushi cha kitenge mikononi. "Nina ng'ombe wa Silasi. Yuko mzima, hajapungua." Vijana walicheka. Wazee hawakucheka, walimjibu kama anavyojibiwa mtu aliyerudisha ng'ombe. Bhoke akamwambia, "Baba, kaa naye. Sasa ni wako, mbonyeze."

Habari zetu ni hizi. Marcelina alimaliza zile nane kwa siku kumi na moja. Kumi na mbili zilifanya kazi, mbili zimekufa mwezi wa tatu, kumi zipo. Amefundisha kina mama kumi na tisa, na wawili kati yao sasa wanapiga mfumo wenyewe. Keraryo amefunga duka, analima mpunga. Mzee Mugeta macho yamepungua, mashine anaitumia binti yake. Meza yako ya mjini amepanga fundi simu. Gloria yuko chuo Dodoma, anasomea uuguzi. Bhoke anauza dagaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Mimi niko Butiama tangu msiba, sijaondoka.

Unakumbukwa na mkeo Bhoke, binti yako Gloria, kaka yako Nicolaus, ukoo wote wa Wanzagi wa Butiama na Buhare, na kina mama wa Nyegina.

Hatutaacha kukutaja, Silasi.