Mgongo wa Mlima

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha dirishani, kifua kimetulia, na mama hajaanza kukugombeza kwa vumbi la penseli kwenye mapazia. Mimi ni mzima. Kikohozi kimekwisha, nakula, nalala. Hayo mwambie mama kwanza, kabla hajauliza.

Mchoro ulioutia ndani ya barua yako ya mwisho nimeubandika juu ya kitanda, pamoja na wenzake. Huku ni tambarare tupu, Baba. Nikifungua dirisha naona ukuta wa jirani, bomba la maji machafu, na mawingu yasiyo na pa kuegemea. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla sijavaa viatu, nautazama mlima wako: lile pengo la kushoto, bega refu la kulia, na theluji uliyonifundisha kwamba haichorwi, inaachwa. Kuna siku nausogelea mpaka nasikia harufu ya penseli. Hapo inabidi nitoke haraka, la sivyo nitafika kazini na macho mekundu.

Kazini wamenihamishia meza ya kuchonga. Tunachonga picha na maandishi kwenye vibao vya mpira, vyote kinyume, kushoto kuwe kulia, ili vikipigwa chapa vitoke sawa. Mwanzoni kichwa kiliniuma. Sasa mkono umezoea kupita kiasi. Juzi karani wa mishahara aliikataa saini yangu, akasema nimletee na kioo.

Wakati wa mapumziko huchora mlima wetu kwenye vipande vya karatasi vinavyobaki. Siku moja fundi wa mashine, kijana asiye na maneno mengi hata tunamwita Bwana Kimya, alisimama nyuma yangu akifuta mafuta mikononi. “Mlima wa kwetu umeutoa wapi?” aliniuliza. Nikamwambia huo ni wa kwetu sisi. Akasema haiwezekani, pengo liko kulia, vile vile linavyoonekana mlangoni kwa mama yake. Nikaitazama karatasi. Baba, mkono ulikuwa umeugeuza mlima bila mimi kujua. Nilikuwa nimeuchora kwa nyuma, upande ambao sijawahi kuuona maishani.

Tulibishana mpaka mapumziko yakaisha. Nilimpa maneno yako, kwamba watu wa kule mlima umewapa mgongo tangu uumbwe. Akacheka, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka, akasema marehemu baba yake alisema hivyo hivyo kuhusu sisi. Tangu siku hiyo tunakula pamoja. Ananisimulia jinsi kwao jua linavyotokea mlimani, jua lile lile ambalo sisi huliona likizama humo.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu salamu. Anarudi kwao kufungua karakana yake ndogo ya chapa, na ameniomba twende wote, niwe mke wake. Nimemwambia moyo wangu unataka, ila sitatamka ndiyo mbele ya watu mpaka wewe useme. Wazee wake wako tayari kuja kwenu.

Mama aliniandikia kwamba kiti cha pili dirishani bado unakipangusa. Kiti hicho ndicho nilichokililia muda wote huu. Ningekuja kukikalia, Baba, na ningekikalia nikimwaza yeye. Nikienda naye, nitakuwa karibu nawe kuliko wakati wowote tangu niondoke, na katikati yetu utasimama mlima mzima.

Nimekuwekea humu ule mchoro wangu uliogeuka. Sikufuta hata mstari, mimi uliyenipa jina kwa jinsi nilivyozitoboa karatasi zako kwa kufuta. Usiutazame mezani, utakuudhi. Ngoja jioni, jua likishuka kuelekea mlimani, uubandike kwenye kioo cha dirisha, uso wake uangalie nje. Mwanga ukipenya utaona pengo limerudi kushoto na kila kilele kimekaa mahali pake. Utazame kwa muda, ndipo unijibu.

Mpe mama shikamoo yangu. Shangazi naye msalimie, ila asijue lolote kwanza. Ukimwambia yeye, umewaambia hata wa upande wa pili.

Binti yako anayekusubiri,
Kifutio