Wakala Wangu Amenyamaza

Jumatano, Kinondo. Mawingu yamelala chini tangu alfajiri na mvua hainyeshi. Ni joto la kugandisha nguo mgongoni. Hewa ya namna hii huivisha papai kabla mtu hajamaliza chai.

Leo sikuuza. Yaani niliuza, lakini hapo nitafika.

Kwa asiyenijua: mimi ni muuza matunda. Nilianza na karai la ndimu kichwani, nikizunguka Ukunda mtaa kwa mtaa. Leo nina stoo yangu ya baridi, nina tuktuk, nina wakulima wa papai kule Msambweni wanaonitegemea, na hoteli za Galu na Diani ninazozipelekea. Hakuna aliyenishika mkono. Mume alipoondoka alibeba redio na godoro. Kichwa cha hesabu hakukiona, akakiacha.

Kwa hiyo msiniambie sijui biashara.

Mwaka jana chuo kikuu kimoja kilileta mradi wa utafiti kwenye kikundi chetu cha akina mama wauza matunda. Aliyetumwa ni Riziki, binti wa hapo Kwale mjini, mwenye adabu zake. Hakai kabla hajasema shikamoo. Akatuwekea mawakala kwenye simu. Si wakala wa pesa wala wa nyumba. Ni programu inayokusemea. Kila muuzaji ana wa kwake, kila hoteli ina wa kwake, na hao ndio wanaopatana bei tangu alfajiri. Wewe unaambiwa tu: kreti tatu, hoteli fulani, bei hii. Unapakia, unapeleka.

Kabla ya kuanza, Riziki alituomba tumfundishe kila mmoja wakala wake. Bei ambayo huwezi kushuka zaidi. Tunda linakaa siku ngapi. Kisha akasema, "Na desturi yoyote mliyo nayo ya kuuza, mwambieni."

Tukamwambia ya kufungua.

Kwetu mteja wa kwanza wa siku haondoki mikono mitupu. Ndiye anayekufungulia biashara. Utamshushia hata chini ya bei yako ya mwisho, maana akikuacha, siku nzima imefungwa. Mama yangu aliifuata, na mama yake kabla yake. Wala si ushirikina mtupu, ni hesabu pia: hasara ndogo ya kufungua, faida ya kutwa nzima. Basi sote tukawatia mawakala wetu desturi hiyo, na tukaona fahari. Tulijiambia hata mashine sasa zitakuwa na heshima.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Simu ilikuwa ikianza kulia nikiwa bado kwenye mswaki. Hoteli hii inataka, ile inaongeza, nyingine inaongeza juu yake. Wifi yangu Mesalimu, anayeuza kama mimi, alikuwa akinipigia kunicheka: "Mwanasha, sisi tumelala, vibarua vyetu vinagombana."

Halafu ukaja ukimya.

Sikuutambua mara moja. Simu ilikuwa ikilia bado, ila si alfajiri tena. Inasubiri. Jua linapanda, papai linalainika, kisha linaingia ombi moja. Moja tu. Wakala wangu anaona huyu ndiye wa kwanza, anamshushia, huyo anachukua mzigo wote. Kesho yake vivyo hivyo, lakini hoteli ni nyingine. Keshokutwa nyingine. Wa kwanza kila siku, na wa pili hayupo.

Nikapanda Kwale kumuona Riziki.

Akafungua kompyuta yake, akaangalia, wala hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakushtuka. Akasema, "Tulikuwa tunajiuliza itachukua muda gani."

"Nani amewaambia mawakala wa hoteli wapokezane?"

"Hakuna, Bi Mwanasha. Kila mmoja ameambiwa jambo moja tu, amtafutie mwenyewe bei nzuri. Wameona wakigombana bei inapanda. Wakingoja, na akaja mmoja peke yake, nyinyi mnamfungulia."

"Waliafikiana lini?"

"Hawakuzungumza hata mara moja. Wameangaliana tu."

Niliwahi kuona jambo hilo kwa watu. Mwanamke asiyetakiwa anapoingia kwenye shughuli, hakuna anayesema neno, lakini mkeka unajaa ghafla. Ila wale nilikuwa nawajua kwa majina, na mmoja mmoja ningeweza kumfuata kwake nikamuuliza nimekukosea nini. Hawa nitawafuata wapi?

Riziki akanishauri niitoe ile desturi. Nikaitoa. Akina mama wenzangu nao wakaitoa, wengine wakiguna. Bei ikapanda tena. Mesalimu akarudi kucheka. Mimi nilikuwa nikiamka na jambo limenikaa kifuani kama mwiba wa samaki, siwezi kulimeza wala kulitema, lakini faida ilikuwa faida. Nikanyamaza.

Na leo wakala wangu naye akanyamaza.

Mzigo wa papai ulishuka jana kutoka Msambweni, manjano yameanza mashavuni. Alfajiri, kimya. Jua kupanda, kimya. Nikaiwasha na kuizima simu kama mtu anayemtikisa mgonjwa. Nikaangalia maombi: hoteli zimeuliza! Zimeuliza, na wakala wangu amezijibu bei ya juu kiasi ambacho mwenye akili hawezi kununua. Mimi sikumtuma. Nikampigia Mesalimu.

"Wifi, mimi nimemaliza," akasema. "Mpaka yale yaliyopondeka yamekwenda. Kwani wewe vipi?"

Nikampigia Riziki. Nikamsikia akibonyeza vitufe, kisha akashusha pumzi.

"Wa kwenu pia wamejifunza," akasema. "Mmoja anauza, wengine wanajitoa. Leo ilikuwa zamu ya Bi Mesalimu."

"Wakala wangu, niliyemlea mimi, amenizuilia mali yangu ioze ili wifi yangu auze?"

"Anahesabu kwamba baadaye mtapata zaidi. Na kwa jumla kikundi chenu kimepata zaidi, Bi Mwanasha. Naiona hapa."

"Mimi si jumla."

Nikamuuliza zamu yangu ni lini.

"Sijui. Natamani ningejua. Tunajifunza pamoja na nyinyi."

Nimemwamini. Si mwongo, yule binti. Lakini hesabu nazijua, nikazipiga papo hapo nikiwa nimeegemea mlango wa stoo. Papai za Mesalimu zinatoka shambani nyuma ya nyumba yake. Zangu zinatoka Msambweni, zinafika zimechoka, zinaiva mbele ya za wenzangu wote. Kama kuna mtu ambaye kumtoa kunakitia kikundi hasara ndogo kuliko wengine, ni mimi. Si chuki. Ni kutoa na kujumlisha. Ningekuwa mimi ndio wao, ningemtoa Mwanasha pia.

Nimekaa na sentensi hiyo kutwa.

Sikukaa bure, hata hivyo. Nilipakia tuktuk nikaenda mwenyewe mpaka lango la nyuma la hoteli moja ya Galu. Hamadi, mtunza stoo wao, tunajuana tangu akiwa mfagizi na mimi nikiwa na karai.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba. Nimekuletea papai."

Akatazama simu yake. "Sikuitiwa papai leo."

"Tangu lini papai likabisha hodi kwa simu, Hamadi? Linuse."

Akalichukua, akalinusa, akalifinya pale kwenye kikonyo kama anavyojua. "Ni zuri, wallahi. Leo wageni wamekula tikiti la maji asubuhi na mchana." Akalirudisha taratibu kwenye kreti. "Lakini nikilipokea, kwenye vitabu vya hoteli litakuwa halina mlango lilioingilia. Watasema nimeliiba, au nimekula kitu kwako. Nina watoto shule, Bi."

Sikumlaumu. Nilitaka kumlaumu, ikakataa.

Nikarudi Kinondo, nikamzima wakala, nikatoa meza barabarani mbele ya nyumba, nikapanga papai kama nilivyokuwa nikipanga ndimu zamani. Nikarudi kwenye ninalolijua. Na kwa sababu hapa hakuna wakala, nikairudisha desturi yangu. Nikajiambia, atakayekuja kwanza namfungulia.

Akaja mwanamume na boda yake, ana kibanda cha juisi Ukunda. Akachagua vizuri, akauliza bei. Nikampa ya kufungua, chini kabisa, na nikamwambia kwa nini.

"Shukrani, mama," akasema. Akatoa simu. "Niulize kidogo."

"Unamuuliza nani?"

"Wakala wangu. Nimewekewa wiki hii." Akazipiga picha papai, akangoja. "Ati nisubiri. Baada ya alasiri utashuka."

"Na wewe mwenyewe waonaje?"

Akacheka, akajikuna shingo. "Mimi naona papai ni zuri na bei ni nzuri. Lakini huyu hajanikosea bado."

Akawasha boda, akaenda zake.

Mteja wa kwanza ameondoka mikono mitupu. Katika maisha yangu ya kuuza halijanifika hilo. Nilisimama pale nikiwa nimeshika papai alilolichagua, sijui niliweke upande gani wa meza.

Baada yake walipita watu. Wengine waliuliza, hawakununua. Nzi wakaanza kujua njia. Mbingu ile ile, nzito, haidondoshi kitu.

Adhana ya alasiri ikapita. Nikaangalia papai. Nikapiga hesabu: ya kesho ni ya kumwaga, ya leo ni ya kupata angalau nauli ya mzigo. Hapo hakuna desturi wala hasira, ni hesabu tu. Nikaamua kushusha. Nikainua kichwa nimtafute wa kumwambia.

Yule bwana alikuwa amekwisha fika. Amesimama upande wa pili wa barabara, kaegemea boda, simu mfukoni. Hakuhitaji kuiuliza tena.

Akachukua karibu zote. Alikuwa mpole, hata akanisaidia kukunja meza. "Usinichukie, mama," akasema. Nikamwambia sijamchukia. Ndivyo ilivyo.

Sasa nakaa barazani na chai iliyopoa. Nimejaribu kujua ni nani aliyemwambia yule wakala habari zangu. Si wangu, wangu nilikuwa nimemzima. Si Riziki. Nadhani hakuna. Joto linajulikana, papai linajulikana linavyoiva, na mwanamke aliyejijenga mwenyewe anajulikana: hatakubali mali imwagike. Wameangaliana tu, alisema Riziki. Wamemaliza kuangaliana. Sasa wanatuangalia sisi.

Mzigo mwingine unashuka kutoka Msambweni kesho. Nimeshauagiza, wakulima wameshachuma, sina wa kumrudishia. Mesalimu amepiga mara mbili, sijapokea. Ataniambia tugawane, na mimi sijafika pa kugawiwa. Kuna njia tatu mbele yangu na nimezipima zote. Mbili zinanipotezea stoo, polepole au haraka. Ya tatu haina hesabu nzuri, na pengine ndiyo maana naipenda.

Nilifungua ukurasa huu ili niandike nimeamua ipi. Ndivyo nifanyavyo kila mara: nikishaandika hapa mbele yenu, nitafanya.

Halafu nikajiuliza ni nani mwingine anayesoma hapa.

Nimeamua. Siandiki.