Krismasi Ambayo Mzee Athumani Hakuitwa

Muyeye, Malindi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti halikusumbui kwa hiyo baridi ya nyumbani. Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa sababu nakula, nalala, na cherehani inazunguka. Kwenye simu wewe hulia nami hunyamaza, kwa hivyo nimeona afadhali niandike.

Tangu tumzike mume wangu Wekesa unanitaka nifunge virago nirudi, na ulitaka jibu kabla ya mwaka mpya. Mwaka wenyewe ndio huo umeingia. Ngoja kwanza nikueleze Krismasi yangu.

Nilipika. Niliamka nikakamata majogoo watatu, nikawachinja mwenyewe nyuma ya nyumba, nikatoa sufuria kubwa. Mikono ilienda yenyewe. Nilipofunua pilau ndipo nikaona nimepika chakula cha ua mzima, na nyumbani niko peke yangu. Hata hilo halikuniuma. Nikala sahani moja, nikaenda kulala mchana mweupe.

Kisha kikaja kiporo, Mama. Friji sina, kwa hivyo nyama nikawa naichemsha asubuhi na jioni isichache. Pilau niliikaanga kwa kitunguu, kesho yake kwa nyanya, halafu nikaiponda kwa tui la nazi ikawa kitu kisicho na jina, ungenicheka. Chapati zilizokauka nilizikatakata nikazimwagia mchuzi. Nilikula kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa. Mifupa walichukua paka wa Muyeye, hao hawana matanga.

Siku moja nakwangua ukoko, Bi Mwanaisha akapiga hodi. Ni yule jirani aliyenishika mkono siku Wekesa alipokata roho.

"Mwanangu, mwaka huu sahani yetu imepotea njia?"

Nikashika mwiko nimpakulie, mkono ukasimama. Wajua wao ni Waislamu, hawali nyama ila iliyochinjwa na Mwislamu mwenzao. Miaka yote tuliyokaa hapa, Wekesa ndiye aliyevuka ua asubuhi ya Krismasi kumwita mumewe, Mzee Athumani, aje atuchinjie, ndipo majirani wote wale. Mimi kazi yangu ilikuwa maji ya moto. Safari hii sikumwita. Sikukumbuka hata kidogo.

Nikamwambia hivyo hivyo. Akavuta kigoda akakaa.

"Mzee alinoa kisu tangu jana yake," akasema. "Akakoga, akakaa kibarazani. Namwambia nenda zako shamba, anambia siendi, nitaitwa sasa hivi. Mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, harufu ya pilau yatupata, naye kisu kiko mapajani. Tukasema basi, huyu moyo wake ushahama, imebaki mizigo."

Mama, hapo nililia. Tangu mazishi sikuwa nimetoa chozi, na mashemeji walinisema sana kwa hilo. Nilimlilia mzee wa watu aliyeoga akakaa kungoja kuitwa, na nilipoanza sikuweza kuacha. Bi Mwanaisha hakuninyamazisha. Alichukua sufuria akaanza kuisugua.

Siku ya mwaka mpya nilivuka ua mapema nikapiga hodi. Mzee alitoka na kisu, hakuniuliza lolote ila, "Kuku yuko wapi?" Alikuwa amebaki mtetea mmoja, mgumu kama mpira. Tulimla sote, wao na wapangaji wenzangu, huku Mzee akilalamika kwamba aliyemchinja kuku huyo ni yeye, si meno yake, sasa mbona meno ndiyo yanaadhibiwa. Sikufurahi, nisikudanganye. Ila nilishiba, na nililala usingizi.

Nisalimie Baba, na dada yangu mkubwa na watoto wake. Nyanya mwambie gauni lake limekwisha, limebaki vifungo. Mjomba aliyesimamia mazishi umshukuru tena, siku ile sikujua nilimwambia nini.

Na kitanda usinitandikie, Mama. Usinikasirikie. Hapa kuna watu wanangoja niwaite.

Ni mimi bintiyo,
Nafula